Poda ya Nyumba ya Gohei

Mtoto Tokuji alipoanza kuwa mwekundu viganja na nyayo, kila mtu katika nyumba ya Gohei alishamjua mkosaji, ila hakuna aliyemtaja. Bibi yake, Otose, alijua ni mama wa mtoto. Mama wa mtoto, Onui, alijua ni bibi. Gohei mwenye nyumba alisema ni hali ya hewa, na mwanawe Isaburo, baba wa mtoto, akasema hivyo hivyo. Isaburo ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Ukimuuliza kama ana njaa, kwanza humtazama baba yake.

Hali ya hewa haichubui ngozi ya mtoto mchanga. Viganja vya Tokuji vilikuwa kama vimechovywa kwenye maji ya moto, na ngozi ilitoka vipande vipande. Mate yalimtoka bila kukoma, mwanga aliuchukia, na kilio chake kilikuwa kile cha kukereka ambacho hata ukimbeba vipi hakibembelezeki. Kitu kimoja tu hakukikataa, nacho ni ziwa la mama yake.

"Jana ulikula nini?" Otose aliuliza asubuhi moja, akikoroga mchuzi wa miso.

"Tulikula shayiri na figili, mama."

"Sikuuliza tulikula nini. Mimi nilichokula nakijua. Nakuuliza wewe."

"Hicho hicho."

"Na kule kisimani? Nimesikia ulisimama na muuza samaki."

"Nilimwambia hatununui."

"Neno moja hilo, 'hatununui'. Mbona lilikuchukua muda mrefu hivyo?"

Onui alimweka mtoto begani, kisha akajipa moyo. "Mama, juzi nilikuona unamtia kitu mdomoni. Kilikuwa nini?"

"Majivu ya hirizi ya hekalu la Ise. Nilimpa na baba yake, na mpaka leo yu hai, anakula wali wangu."

"Na wale wengine uliwapa?"

Otose aliacha kukoroga. Alikuwa amezaa wanne, akazika watatu kabla hawajajua kutembea, na katika nyumba ile habari hiyo haikuguswa. Mama yake Gohei, alipokuwa hai, alikuwa amekwisha kuitolea hukumu: maziwa mabaya. Otose alibeba hukumu ile miaka yote kama mtu anayebeba kibiongo.

"Kula uondoke mbele yangu," alisema.

Tangu siku ile wanawake wale wawili walichungana. Onui alionja uji kabla haujamfikia mwanawe. Otose alinusa bakuli za Onui baada ya kuoshwa. Walikaa jiko moja na kila mmoja akimpa mwenzake ubavu, si mgongo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kila mmoja alimtazama mwenzake kama ndiye chawa.

*

Sisi watu wa kijiji cha Izawa tunaishi kwa poda. Zebaki hukandwa pamoja na chumvi na udongo mwekundu, ikapangwa kwenye vyungu, kila chungu na kifuniko chake cha udongo, kisha joko likawashwa. Moto ukienda sawa, poda hupanda na kuganda chini ya kifuniko, nyeupe na nyepesi, ikafagiliwa kwa unyoya. Wanawake wa nchi nzima walijipaka usoni. Akina mama waliwatia watoto kichwani kuua chawa. Wanaume waliorudi na ugonjwa kutoka majumba ya starehe waliinywa, wakatema mate ndoo nzima, wakasema dawa inafanya kazi.

Kwamba zebaki ina sumu, hakuna wa kutufundisha. Watu wa joko meno huwatoka mapema na mikono huwatetemeka, na kwetu husemwa meno ni kodi ya joko. Lakini tulirithishwa kwamba sumu huondoka na moshi. Inayobaki kifunikoni imepita motoni, imetakasika. Ndiyo maana mwanaume wa joko hula chakula chake mbali na moshi, halafu anarudi nyumbani kumkuta mkewe amepakwa poda ile ile toka paji la uso mpaka kifuani, naye anamwona amependeza.

Huko kupakwa hakukuwa hiari. Mke kijana wa nyumba ya joko ndiye bango la nyumba. Kila asubuhi mama mkwe humkalisha, akamshusha vazi mabegani, akampaka uso, shingo, na kifua mpaka kwenye matiti, kisha akamtuma sokoni ng'ambo ya mto ili watu waone bidhaa. Otose alipakwa hivyo na mama yake Gohei. Sasa alimpaka Onui, hata asubuhi ambazo hawakusemeshana.

Na mwaka ule bango lilihitajika kuliko wakati wowote. Zamani makuhani wa Ise walizunguka majimbo yote na hirizi, na poda yetu ilikuwa zawadi yao. Serikali mpya ikawapiga marufuku kuzunguka. Majoko yakazimika moja baada ya jingine, na wenye majoko wakageuka vibarua wa kubeba chai. Joko la Gohei lilikuwa bado linafuka moshi, lakini kwa shida.

*

Mganga aliyeitwa kutoka mjini alimnusa mtoto, akasema maziwa yana joto.

"Nilisema mimi," Otose akasema, ingawa alikuwa hajasema kwa sauti.

Basi Onui akaamriwa akamue maziwa kwenye bakuli, mbele ya watu wote. Alikuwa ametoka tu kupakwa. Alifungua vazi, akageukia ukutani, akakamua. Gohei alichovya kidole, akadondosha tone juu ya ukucha, akalitazama likitiririka. Yalikuwa maziwa kama ya mwanamke yeyote. Gohei akatikisa kichwa kama fundi aliyeona ufa, akampa Isaburo bakuli.

"Kamwage. Usimwage karibu na mboga."

Isaburo alilipeleka bakuli la maziwa ya mkewe mpaka nyuma ya choo, na hakumtazama mkewe alipokwenda wala aliporudi. Majirani wawili walikuwa uani kwa kisingizio cha kuazima moto.

Akaletwa Okuma, mke wa mchoma makaa kutoka milimani, mwanamke mnene mwenye shingo nyeusi kwa masizi na kicheko kikubwa. Okuma alipewa wali mweupe, mayai na samaki. Onui alikula uji wa shayiri, akafunga matiti kwa kitambaa ili maziwa yakauke, akafua nguo za Okuma.

"Usinikasirikie, dada," Okuma alimwambia. "Mimi ni ng'ombe wa kukodi tu."

"Sijakukasirikia. Unampa nini kingine zaidi ya maziwa?"

"Nimpe nini mimi? Labda jasho."

Onui hakumwamini. Alimchungulia Okuma akinyonyesha, akatafuta kitu mikononi mwake, asikione. Na mtoto akawa anapona. Mate yalikatika, ngozi mpya ikaota viganjani, kilio kikawa kilio cha kawaida cha njaa. Onui alifurahi mpaka machozi yakamtoka, halafu akaelewa maana yake, akalia upya. Mtoto kapona kwa kutengwa naye. Hakuna shauri lingine la kufanya.

Gohei alilisema wakati wa chakula cha jioni, kwa sauti ya mtu anayezungumzia kuni. "Onui atarudi kwao. Mtoto ni wa nyumba hii, atabaki. Ila si sasa. Kwanza mnunuzi wa Osaka apite. Hawezi kuja akute nyumba haina mke kijana."

Isaburo alimeza tonge, akaitikia kwa kichwa. Onui alimtazama mpaka akashusha macho.

*

Mnunuzi aliitwa Zenroku. Alikuwa na mwavuli wa kizungu na desturi ya kutabasamu kabla ya kusema neno baya. Onui, amepakwa zaidi ya siku zote, alimwandalia chai.

"Mzuri," Zenroku alisema, akimtazama kama anavyotazamwa farasi. "Lakini Mzee Gohei, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona nyie mnawatembeza wake zenu sokoni?"

Gohei alicheka kwa adabu.

"Poda ya Kyoto ni rahisi kuliko yako," Zenroku aliendelea.

"Ya Kyoto ni ya madini ya risasi, bwana mkubwa. Yetu ni ya Ise."

"Najua. Na mjini kuna maneno. Waigizaji wa majukwaani wanatetemeka mikono, wengine hawawezi kusimama. Watu wanasema ni poda. Lisemwalo lipo, mzee."

"Hao wanajipaka risasi."

"Kila muuzaji ananiambia sumu iko kwa jirani yake." Zenroku alikunywa chai, akatabasamu. Sauti ya Tokuji ilisikika kutoka chumba cha nyuma. "Mkwe wako ananyonyesha?"

Gohei hakusita hata kidogo. "Ananyonyesha."

"Akiwa amepakwa hivi?"

"Kila siku."

"Basi aletwe huyo mtoto nimwone. Mama akinyonyesha na poda yake kifuani, na mtoto akiwa na afya, mimi nitawaambia wenzangu nimeona kwa macho yangu. Hiyo ni bora kuliko hirizi."

Otose ndiye aliyekwenda kumchukua mtoto kwa Okuma. Alimleta, akampa Onui, na mikono ya wanawake wale ikagusana.

"Mama," Onui alinong'ona, "si mmesema maziwa yangu..."

"Mnyonyeshe," Gohei alisema, bado anatabasamu kwa mgeni.

Onui alifungua kitambaa alichojifungia. Maziwa hayakuwa yamekauka. Mtoto alilitambua ziwa, akalivamia kwa mikono yote miwili, akanyonya kwa sauti. Zenroku alisogea karibu, akamkagua: macho, mashavu, viganja vilivyopona. Alipomaliza aliketi na kupiga paja lake.

"Huyu ni ndama," alisema.

Otose hakumtazama mnunuzi. Alimtazama mtoto, aliyeachia ziwa ili apumue. Midomo yake ilikuwa myeupe. Pua ilikuwa nyeupe, na kidevu, na ulimi ulipotoka kulamba ulikuwa mweupe, ukaipeleka poda ndani. Penye ziwa la Onui palibaki duara la ngozi tupu. Otose alikuwa ameiona ngozi hiyo kwenye kifua chake mwenyewe, mara nyingi, miaka mingi, na kila asubuhi mama yake Gohei alipaona pamefutika akapapaka tena.

Zenroku aliagiza mzigo mkubwa kuliko wowote wa miaka ile, na akaahidi kurudi mwezi ujao na wenzake, nao waje waone.

*

Mgeni hakuwa amefika hata mtoni, Gohei alikwisha kutoa hukumu mpya. Okuma aondoke. Onui abaki, anyonyeshe.

Onui aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akashukuru. Alisema maziwa yake hakika yamepoa kwa kupumzishwa. Isaburo alithubutu kumshika bega, mara ya kwanza tangu siku ya bakuli.

Otose alimkuta Okuma anafunga furushi lake.

"Umewahi kujipaka poda wewe?"

"Mimi?" Okuma alicheka. "Mke wa mchoma makaa ajipake poda aonekane na nani, mama? Na ngedere?"

"Na watoto wako wote wamekua?"

"Wote. Wanakula kama nzige."

Otose alimfuata mumewe kwenye kibanda cha joko, alikokuwa anapanga vyungu.

"Baba Isaburo. Midomo ya mtoto ilikuwa myeupe."

"Maziwa ni meupe."

"Okuma hajipaki, mtoto kapona. Isaburo alinyonyeshwa na dada yangu kule kijijini, kwa sababu mimi nilikuwa kitandani na homa, naye akakua. Wale watatu niliwanyonyesha mwenyewe, na mama yako akinipaka kila asubuhi."

Gohei aliweka chungu chini taratibu. "Nani mwingine umemwambia?"

Otose alingoja aulizwe kama ana hakika, au aambiwe kwamba ameota, au kwamba ni mjinga. Hakuulizwa wala hakuambiwa.

"Ulijua," alisema.

"Sijui kitu. Na wewe hujui kitu. Ukitoka hapo nje na kusema poda inaua watoto, Izawa nzima itakula majani. Ndugu zako pia."

"Basi tusimpake. Tumpake uso tu."

"Zenroku ana watu wake hapa. Mke wa joko asipopakwa, watauliza sababu." Alichukua chungu kingine. "Mtoto ana nguvu. Ni mwezi mmoja tu, mpaka wenzake Zenroku waone. Na akiwa si wa kuishi, Isaburo bado kijana."

Otose alitoka. Alichukia uso wa mumewe, lakini alichukia zaidi mikono yake mwenyewe, iliyompaka yule binti, na kesho yake ikampaka tena.

Siku chache baadaye, viganja vya Tokuji vilianza tena kuwa vyekundu.

*

Joko likishawashwa haliachwi. Moto ukishuka, poda huanguka ikarudi kwenye udongo. Ukizidi, vifuniko hupasuka na zebaki yote ikapaa, na zebaki ya mzigo ule Gohei aliichukua kwa kuiweka nyumba rehani. Kwa hiyo asubuhi joko lilipowashwa, baba na mwana waliingia kibandani, na nyumba ikabaki kwa wanawake.

Otose alimkalisha Onui kama kawaida. Lakini badala ya poda alichukua kitambaa kibichi, akaanza kumsugua kifua kwa nguvu mpaka Onui akasogea nyuma.

"Unaniumiza, mama. Nimefanya nini tena?"

"Mchukue mtoto uende kwenu. Sasa hivi, wakati joko linawaka. Ukifika mtoni jioshe mpaka ngozi ikuwashe, ndipo umnyonyeshe. Usijipake tena maisha yako."

Onui alivuta vazi lake. Macho yake yalikuwa ya paka aliyebanwa kwenye kona. "Baba amesema nibaki."

"Ndiyo, amesema."

"Kumbe hukufurahi. Ulitaka niondoke, sikuondoka, sasa unataka niondoke kama mwizi, ili utume watu wanifuate na mtoto anyakuliwe mikononi mwangu barabarani. Nimekujua, mama. Tangu yale majivu."

"Una haki ya kusema hivyo."

"Haki naijua. Ninachotaka ni sababu."

Otose alitazama kitambaa mkononi, kilichokuwa cheupe. "Nilizaa mtoto wa kwanza, akawa mwekundu viganja. Nilikesha naye, nikampa ziwa kila alipolia, kwa sababu nilimpenda. Akafa. Wa pili nilimpenda zaidi kwa kuogopa, nikamnyonyesha zaidi. Wa tatu sikumwacha hata kwenda chooni. Mimi ndiye niliyewapa, Onui, tone kwa tone, na nilikuwa nawaimbia." Alikiinua kile kitambaa. "Hayakuwa maziwa. Si yangu, wala si yako. Ni hii."

Onui alikitazama kitambaa. Akamtazama mtoto, aliyekuwa amelala ameficha macho kwa ngumi zake nyekundu. Kisha akamtazama mama mkwe wake. Bado hakumwamini moja kwa moja. Mtu hupoteza imani kwa siku moja, lakini kuirudisha ni kazi ya msimu. Ila machozi ya Otose yalikuwa yanaanguka, naye hakuyafuta, na mwanamke yule hakuwa wa kulia mbele ya mkwe.

"Utawaambia nini?" Onui aliuliza.

"Kwamba umemwiba. Nimekushuku tangu ulipoingia nyumba hii, na kila mtu anajua. Hakuna atakayeniuliza mara mbili."

"Na Isaburo?"

Otose alifunga mkanda wa kumbebea mtoto, akaukaza. "Nenda."

*

Otose alisubiri mpaka alipoona kule mtoni mtu mdogo mwenye mzigo mgongoni anavuka na kupotea kwenye mianzi. Alisubiri tena, akafua kitambaa, akakianika. Kisha akavuruga nywele zake, akakimbilia kibanda cha joko.

"Amemwiba! Yule mwanamke amemwiba mtoto, ameondoka! Si niliwaambia? Si niliwaambia mimi?"

Isaburo alisimama, kichocheo cha chuma mkononi. Jasho lilikuwa limemchora usoni. "Ameelekea wapi?"

"Ng'ambo. Njia ya kwao. Hajafika mbali, ana mtoto mgongoni."

Haikuwa kweli kwamba hajafika mbali, lakini mtu mwenye miguu ya kijana angeweza kumpata kabla ya adhuhuri. Otose alilijua hilo. Alikuwa amelipima vilevile kama alivyompima mumewe, kwa miaka yote waliyoishi pamoja, na alikuwa na hakika na hesabu yake: Gohei hangeacha moto.

Gohei alitazama mlango uliokuwa wazi na barabara iliyokuwa inaonekana toka pale. Akatazama vyungu. Kifuniko kimoja kilikuwa kinatoa mlio mwembamba, na moto ulikuwa umeanza kulegea upande wa kushoto.

"Moto ukiisha tutamfuata," alisema. "Atakwenda wapi? Kwao tunapajua."

Isaburo alimtazama baba yake. Kisha akamtazama mama yake, kana kwamba alikuwa anangoja kusikia kitu kingine kutoka kwake. Neno moja kutoka kwa Otose lingeharibu kila kitu, na alikuwa ameomba njia nzima ya kuja pale kwamba mtu asimfuate Onui. Hata hivyo alisimama pembeni ya mlango, akaacha nafasi ya mtu mmoja kupita, kama mwanawe angetaka kumfuata mkewe.

Isaburo aliinama, akaongeza kuni upande wa kushoto.